Mifuko 22 ya mbegu na inventeri ya Diallo: kudai haki si kuomba huruma



Mimi si mtu wa sheria. Nilisomea kilimo, lisansi nikaipata, na kazi yangu ni mbegu, udongo na mvua. Kama kati yetu kuko ba avoka, mnisahihishe kwa upole. Lakini leo nataka kuongea historia ya sheria, juu kuna jambo lilinifikia lenye kunifanya nisome hukumu za La Haye kwa telefone, usiku nyuma ya usiku, mpaka betri inaisha.

Ilikuwa tarehe 21 Novemba, huku Haut-Katanga. Nilikuwa napeleka mbegu za mahindi kwa koperativa moja ya bamama, mifuko 22 ya kilo 25. Mfuko mmoja ni hekta moja, kwa hiyo hesabuni wenyewe: hekta 22 za familia za watu zilikuwa juu ya kamioneti ile. Tulifika kwenye bariere, watu wa huduma moja ya Leta wakaomba karatasi. Nikawapa. Wakasema kunakosa muhuri mmoja. Nikaomba wanionyeshe mu sheria gani muhuri huo umeandikwa. Mkubwa wao akacheka: «Mwana, weye unayua sheria kupita siye?» Mifuko ikashushwa, ikaingizwa mu depo yao. Karatasi ya kuonyesha kwamba wamekamata mali yangu, hawakunipa. Na mimi, na lisansi yangu yote, sikuiomba.

Wote mnajua kile kinachofuata, juu njo vile inakuwaka. Baba mkubwa alinishauri: «Usiende kupigana na Leta. Tafuta mutu mwenye kuyuana na mukubwa, umulilie.» Nikatafuta mtu. Nikalia. Nikapanda moto mara tano kwenda kule. Tarehe 17 Desemba, siku 26 nyuma, mkubwa alinirudishia mifuko, bila faini, bila maelezo. Nikamshika mkono na mikono miwili, nikainama, nikasema: «Asante sana muzee, Mungu akubariki.»

Depo ile ilikuwa inavuja. Nilipopima mbegu, 100 kwa 100 sawa vile tulifundishwa, zilizoota zilikuwa 61. Na huku kwetu, mtu anayepanda mahindi kuelekea mwisho wa Desemba amekwisha kupoteza sehemu ya mavuno mbele hata ya kuangusha mbegu mu shimo, juu mvua haitamngojea. Mwezi wa ine bamama walivuna ile waliyovuna. Mmoja wao, mwenye umri wa mama yangu, aliniuliza swali moja tu: «Ile asante ulimupatia, ilikuwa ya nini?»

Sikuwa na jibu. Ndipo nikaanza kusoma.

Tuanzie kwa tarehe moja: 30 Novemba. Wazee wetu wanaikumbuka ya mwaka 1973. Siku ile Mobutu alitangaza mbele ya Baraza la kutunga sheria kwamba mashamba makubwa, mafuga ya ng'ombe, maduka na biashara nyingine za wageni zitapita mu mikono ya Wazaire. Njo zairianizasio. Haikutoka mbinguni kwa siku moja. Sheria Bakajika ya 7 Juni 1966 ilikuwa imekwisha kurudishia Leta udongo na mali ya chini ya udongo, na sheria ya 20 Julai 1973 ilikuwa imeandika kwamba udongo ni mali ya Leta peke yake na hauuzwi.

Sisi ba agronome tulifundishwa habari hii kwa upande wa mavuno. Mashamba ya kahawa, ya mawese, ya kauchu yalipewa watu walioitwa «akerere», wengi wao wakubwa wa chama na wa serikali, ambao hawakuwa na ufundi wala nia ya kulima. Stoki iliuzwa, faranga zililiwa, miti ikabaki na majani. Bei zikapanda, vitu vikakosekana mu maduka. Mwisho wa mwaka 1975 serikali ilianza kurudi nyuma, na mwaka 1976 ilikubali wenye mali wa zamani warudie hadi 60% ya kile walichokuwa nacho.

Lakini sasa liangalieni jambo hili kwa jicho la sheria. Mgonjwa mwenye duka aliyenyang'anywa mwaka 1973 alikwenda kwa tribinali gani? Mnunuzi mpya alikuwa na barua ya mkubwa, na mkubwa alikuwa njo Leta. Kwa wengi njia ilikuwa mazungumzo ya serikali na serikali, ao kungojea mkubwa abadilishe mawazo yake. Mali ilitoka kwa neno la mtu mmoja, ikarudi kwa neno la mtu yule yule. Hii ndiyo shule tuliyosomea sote, hata sisi tuliozaliwa nyuma ya Zaire kufa. Baba mkubwa aliponiambia «umulilie», alikuwa ananipa hekima ya 1973.

Kiisha kukaja mtu mmoja ambaye hakulia.

Jina lake Ahmadou Sadio Diallo, mwana wa Guinée. Alifika Kongo mwaka 1964, akakaa. Mwaka 1974 alianzisha kampuni Africom-Zaire ya kuingiza na kutosha vitu, na mwaka 1979 akashiriki kuanzisha Africontainers-Zaire ya kusafirisha mizigo mu makontena. Karibu na mwisho wa miaka ya 80, kampuni hizi zilikuwa zinadai deni kubwa: Leta yenyewe, Gécamines, Onatra, kampuni za mafuta kama Zaire Shell. Alianza kudai mbele ya tribinali. Mwaka 1988 alifungwa, akatoka mwaka 1989.

Tarehe 31 Oktoba 1995 waziri wa kwanza alitia sahihi amri ya kumfukuza mu inchi. Tarehe 5 Novemba alikamatwa. Kwa jumla alifungwa siku 72, na tarehe 31 Januari 1996 akapandishwa ndege. Alikuwa amekaa huku zaidi ya miaka 30. Ile karatasi waliyomfukuzia, haikuandikwa kwamba ni kufukuzwa. Iliandikwa kwamba amekataliwa kuingia, sawa mtu aliyefika jana pa kiwanja cha ndege. Na kwa sheria ya Zaire, kukataliwa kuingia hakukatiwi rufaa. Mnaona ufundi wa neno? Mlango wa tribinali ulifungwa kwa kubadilisha jina la karatasi.

Nyumba yake, vitu vyake, kampuni zake, vyote vikabaki Kinshasa.

Tarehe 28 Desemba 1998 Guinée ilishtaki Kongo mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule La Haye, ile tunayoiita CIJ. Swali la kwanza kwa Kongo lilikuwa hili: huyu mtu alimaliza kwanza njia za sheria za ndani ya inchi? Juu kanuni ya zamani ya sheria za kimataifa inasema, mbele inchi yako haijakutetea nje, lazima uwe umejaribu tribinali za pale uliponyanyaswa. Kongo ikasema: kama ile karatasi ilikuwa na kosa, angemwandikia waziri wa kwanza aangalie tena.

Jibu la CIJ, mu hukumu ya 24 Mei 2007, nililisoma mara tatu nikiwa nimekaa juu ya kitanda. Kwanza, Leta iliyoandika «kukataliwa kuingia» haiwezi kumlaumu mtu kwa kuamini kile ilichoandika. Pili, kumwomba mkubwa abadilishe mawazo hakuhesabiwi kuwa njia ya sheria. Njia ya ofisi inahesabiwa tu kama inalenga kuhakikisha haki, si kupata fadhili.

Haki, si fadhili. Wandugu, pale nilimwona mama yule amesimama mbele yangu na swali lake. Siku zote 26 sikufanya hata kitendo kimoja cha sheria. Niliomba fadhili mara tano, na nilipoipata nikaishukuru.

Mu hukumu ile ile ya 2007 kulikuwa na maumivu pia. CIJ ilikataa Guinée isidai kwa niaba ya kampuni. Africom na Africontainers zilikuwa kampuni za Kongo, kila moja ni «mtu» wake mbele ya sheria, na Guinée haina ruksa ya kumtetea mtu wa Kongo. Diallo angeweza kutetewa kwa haki zake yeye tu. Yale madeni makubwa yaliyoanzisha vita yote yakabaki inje ya kesi.

Hukumu ya msingi ilisomwa mwaka 2010. Mnajua tarehe gani? 30 Novemba. Miaka 37 siku kwa siku nyuma ya ile hotuba ya Mobutu. Bila shaka ni bahati tu ya kalenda, lakini mimi nilishtuka. CIJ ilisema Kongo ilivunja haki za Diallo: alifukuzwa bila kufuata sheria, alifungwa bila sababu ya haki, hakujulishwa haki yake ya kuomba msaada wa ubalozi wake. Na ikasema ni vigumu kutoona kamba yenye kufunga kufukuzwa kwake na madeni aliyokuwa anadai. Lakini kuhusu sehemu zake mu kampuni, Guinée ilishindwa: mahakama iliona hazikunyang'anywa.

Ilibaki kuhesabu faranga. Guinée ilidai dola 11,590,148. Tarehe 19 Juni 2012 CIJ ilitoa dola 95,000: 85,000 kwa maumivu ya moyo na jina, na 10,000 kwa vitu vyake vya nyumbani. Ilikuwa mara ya kwanza CIJ kupima yenyewe kiasi cha fidia tangu kesi ya Uingereza na Albania mwaka 1949. Kongo ilipewa mpaka 31 Agosti 2012 kulipa, kiisha riba ya 6% kwa mwaka.

Kutoka milioni 11 mpaka 95,000! Wengine watasema Diallo alishindwa. Mimi nilitafuta kujua ni wapi zile faranga zilipotelea, sawa vile unavyotafuta sababu ya shamba kutoa gunia tatu pahali pa kumi.

Sehemu kubwa ilipotelea kwa karatasi. Guinée ilisema Diallo alikuwa analipwa dola 25,000 kila mwezi kama mkubwa wa kampuni zake. Haikuonyesha hesabu ya benki wala karatasi ya kodi ya kuhakikisha. Ikapata sifuri. Ikasema mu nyumba mlikuwa saa yenye almasi na picha mbili za msanii mwenye jina. Sifuri, juu hakukuwa hata alama moja ya kuonyesha vilikuwamo.

Sasa zile dola 10,000 zilitoka wapi? Siku karibu 12 nyuma ya Diallo kufukuzwa, mtu wa ubalozi wa Guinée na mtu wa Africom waliingia mu nyumba yake, wakaandika inventeri: viti, vyombo, kitu kimoja kimoja. Karatasi hiyo ilikuwa na mapungufu, haikuonyesha bei, haikuonyesha nani alichukua kitu gani nyuma yake. Lakini ilikuwako. Miaka 16 nyuma, mahakama kubwa ya dunia iliisoma, ikakubali kwamba vitu vile vilikuwa mu nyumba, ikavipimia kiasi kwa usawa. Saa ya almasi haikulipwa, juu haikuandikwa. Kiti kililipwa, juu kiliandikwa.

Nikarudi kwa mifuko yangu 22. Tuseme leo koperativa inataka kudai hasara yake. Inventeri iko wapi? Hakuna. Karatasi ya kukamata? Hakuna. Barua ya kuomba mbegu zirudishwe, yenye alama ya kupokelewa? Hakuna, juu niliomba kwa mdomo na kwa machozi. Kipimo cha mbegu mbele ya depo? Nilipima nyuma tu. Risiti ya kununua iko, lakini imeandikwa jina langu mimi, wakati mwenye mali ni koperativa. Njo kosa la Diallo tena, kwa upande mwingine: mwenye kuumia na mwenye kuandikwa si mtu mmoja. Avoka wa Leta angecheka.

Na jambo lenye kuniuma zaidi ni hili: sheria ilikuwa upande wetu. Katiba ya 18 Februari 2006, kipengele cha 34, inasema mali ya mtu ni takatifu. Hakuna wa kunyang'anywa isipokuwa kwa faida ya watu wote, na kwa fidia ya haki yenye kulipwa mbele. Kiisha inaongeza kitu ambacho ningependa kila kijana wa chama chetu akishike kichwani: mali ya mtu haikamatwi isipokuwa kwa uamuzi wa mamlaka ya sheria yenye uwezo. Hati ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ya mwaka 1981 nayo inalinda mali mu kipengele cha 14.

Njia za kudai ziko, na nyingine ni za zamani kupita babu zetu. Dekreti ya 30 Julai 1888, kipengele cha 258, inasema anayesababisha hasara kwa kosa lake lazima ailipe. Na kipengele cha 260 kinamgusa mwenye kutuma mtu kazi, kwa kosa la yule aliyemtuma. Kwa njia hii watu wanaishtaki hata Leta kwa makosa ya watumishi wake. Kama kilichokuumiza ni uamuzi wa ofisi, Katiba imeweka tribinali za kiutawala, na Conseil d'État juu yao. Lakini mbele ya kuomba uamuzi uvunjwe, sheria inataka kwanza umwandikie yule aliyeuchukua, umwombe auondoe, na ubaki na kopi yenye alama ya kupokelewa. Siku za kufanya hivyo zinahesabiwa. Asiyeandika mapema anakuta mlango umefungwa.

Najua mtakachosema, juu na mimi nilijisemea. Avoka analipwa na nini? Judge analala kwa nani? Na hata ukishinda, mali ya Leta haikamatwi na wisie sawa mali ya jirani, kwa hiyo hukumu unaweza kuining'iniza ukutani. Yote ni kweli. Na kwa mbegu kuko ukweli mwingine mbaya zaidi: hukumu inakuja kwa miaka, mvua inakuja kwa tarehe yake. Hata judge mwema kupita wote hawezi kumrudishia mama mwezi wa Novemba. Sitadanganya mtu hapa. Siku ile, kama ningekataa kulia, pengine mifuko ingeozea kule yote, na bamama wangepoteza hata zile 61 kwa 100. Sijui kama nilifanya vibaya kumtafuta mtu wa kuniombea. Bamama walihitaji mbegu, hawakuhitaji hukumu.

Lakini najua pale nilipofanya vibaya. Kulia kwa mkubwa na kuandika barua ni vitu viwili vinavyoweza kufanywa siku moja. Hakuna aliyenikataza kuomba fadhili asubuhi na kuweka haki mu karatasi magaribi. Nilichagua moja tu, juu ya uoga na juu ya kuzoea. Kwa kuchagua vile, nilimwachia mkubwa yule mambo mawili: hasara bila mwenyewe, na sifa ya kuwa mtu mwema.

Mwaka huu kazi ni ile ile, bariere ni ile ile. Kitu kilichobadilika ni kaye moja yenye gamba gumu ninayotembea nayo. Risiti zinaandikwa jina la koperativa. Mbele ya kupakia, ninapima mbegu 100, ninaandika tarehe na hesabu, bamama wawili wanatia sahihi. Nina kopi za inventeri ya mzigo. Kama mzigo unakamatwa, nitaomba karatasi. Kama inakataliwa, nitaandika mimi mwenyewe saa, pahali, mifuko mingapi, nani alikuwako, na dereva atatia sahihi. Kiisha barua kwa yule mkubwa, kopi yenye alama ya kupokelewa. Ni inventeri ya siku 12, lakini yenye kufanywa siku ya kwanza.

Mwezi wa kumi na moja uliopita walitusimamisha tena. Mkubwa mwingine, kijana. Akaomba karatasi, nikampa, akasema kunakosa kitu. Nikafungua kaye, nikamuuliza kwa heshima jina lake na cheo, juu nitahitaji kuandika. Akaniangalia kwa muda. Sijui alifikiri nini. Akapiga simu, akarudi, akasema: «Muende.»

Nilimwambia «Tubakie salama.» Asante sikumpa, si kwa kiburi. Mbegu zilikuwa zetu.

Wandugu na dada, kati yenu wangapi wamekwisha kunyang'anywa moto, telefone, mzigo ao diplome na ofisi fulani? Mlipewa karatasi? Mliiomba? Andikeni hapa chini bila kutaja jina la mtu. Na ba avoka wa chama, tunawangojea mtufundishe kuandika ile barua ya kwanza vizuri. Mvua iko karibu.